Kombe Lenye Sura ya Bahari Katika Vijito vya Mwanza

Miamba ya itale ambayo mji wa Mwanza umejengwa juu yake na kati yake iliganda zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ikiwa sehemu ya kiini kigumu cha bara ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha tabaka la juu la dunia kilichotulia tangu zama za mwanzo na ambacho hakijakunjwa upya kuwa milima kwa muda mrefu mno. Viumbe wenye magamba magumu hawakuenea duniani mpaka miaka milioni 540 hivi iliyopita. Kati ya kuganda kwa miamba hiyo na kuenea kwa viumbe hao lipo pengo la takribani miaka bilioni mbili, na pengo hilo peke yake linatosha kumwambia mtu aliyeokota kombe lililogeuka jiwe katika kijito kinachoshuka kutoka vilima vya Mwanza kwamba kombe hilo halikutoka ndani ya mwamba. Itale hutokana na uji wa mawe uliopoa polepole chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna kiumbe angeweza kuishi, wala kuzikwa akabaki na umbo lake. Visukuku, ambavyo ni mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ardhini, hutafutwa katika mashapo, yaani mchanga, matope, chokaa na majivu ya volkeno yaliyotuama tabaka juu ya tabaka.

Uchunguzi wa kombe la aina hiyo huanza basi kabla ya kombe lenyewe kutazamwa, kwa kuuliza ni mashapo gani yaliyopo juu ya mkondo wa kijito ambayo maji yangeweza kuyamomonyoa. Mpangilio huu huonekana wa kinyume kwa wengi, kwa kuwa mtu mwenye kombe mkononi hutaka kwanza kujua jina lake, naye hulitafuta jina hilo kwa kulinganisha umbo na umbo. Umbo, hata hivyo, ni shahidi asiyeaminika sana katika jambo hili, na Maziwa Makuu ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyowafundisha wanasayansi somo hilo kwa gharama kubwa zaidi kuliko mahali pengine popote.

Kombe linaloleta utata kuliko yote katika mwambao wa Ziwa Victoria ni lile lenye sura ya chaza. Ni zito na lenye mikwaruzo, halina umbo moja linalorudiwa kutoka kombe hadi kombe, tabaka zake zimepandana bila mpangilio, na upande wake mmoja umebapa au umebonyea kwa kufuata uso wa jiwe ambalo mnyama alijigandisha juu yake. Mtu aliyewahi kutembea ufukweni Tanga au Bagamoyo wakati wa maji kupwa hulitambua mara moja, au hudhani amelitambua. Chaza ni kiumbe wa bahari, na Mwanza iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Bahari ya Hindi na mita 1,134 hivi juu ya usawa wake. Basi ama bahari iliwahi kufika huko bara, ama kuna mtu aliyelibeba kombe hilo kutoka pwani. Rai zote mbili ni rahisi kutungwa, na zote mbili kwa kawaida ni makosa.

Mwenye kombe hilo ni Etheria elliptica, aliyepewa jina lake la kisayansi na Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck mwaka 1807, naye anaweza kuitwa chaza wa maji baridi ilimradi ikumbukwe kwamba si chaza wa kweli. Huishi katika mito ya Naili, Kongo, Niger na Senegal, katika Ziwa Victoria lenyewe, na hata katika mito ya kaskazini-magharibi mwa Madagaska, akijigandisha juu ya mawe mahali ambapo maji huchafuka na kujaa hewa, kama vile kwenye maporomoko ya mito na kwenye miamba inayopigwa na mawimbi. Nasaba yake ni ya kome wa kawaida wa mitoni na ziwani, wale ambao wavuvi huwakanyaga katika matope ya maji mafupi, na ambao wanabiolojia huwaweka katika oda ya Unionida. Kome hao hujikokota taratibu kwa mguu wa nyama unaochomoza katikati ya makombe yao mawili. Ukoo wa Etheria, ulipohamia kwenye mawe na maji yaendayo kasi, uliacha kutembea, na mnyama aliyekomaa hana mguu tena. Sura ya chaza aliyonayo haikurithiwa kutoka kwa chaza. Imetokana na maisha ya namna moja, kwa kuwa mnyama yeyote mwenye makombe mawili anayeishi amegandamana na jiwe hulazimika kukua kwa kufuata jiwe hilo, na hivyo hupoteza ulinganifu wa pande zake mbili. Kufanana kwa namna hiyo kati ya viumbe wasio na nasaba ya karibu huitwa mabadiliko ya kukutana.

Namna ya kumtofautisha na chaza wa baharini haiko nje ya kombe bali ndani yake. Kila mnyama wa kundi hili hufunga makombe yake kwa misuli, na mahali msuli uliposhika kombe hubaki alama, yaani kovu lenye mpaka unaoonekana au unaoweza kupapaswa kwa kidole hata baada ya mnyama kufa na kuoza. Chaza wa baharini aliyekomaa ana msuli mmoja tu wa kufungia, hivyo kovu lake ni moja na liko karibu na katikati ya kombe. Etheria ana misuli miwili kama ndugu zake kome, hivyo makovu yake ni mawili, moja kila upande. Kipimo hiki ni chepesi, hakihitaji chombo chochote, na kinasikitisha kwa jinsi kinavyosahaulika na watu wanaolipiga picha kombe kwa upande wa nje peke yake.

Kipimo cha pili ni kile cha madini. Kombe la chaza wa kawaida wa baharini, yule anayeliwa, limejengwa karibu lote kwa kalisaiti, ambayo ni namna ya chokaa iliyo thabiti, ilhali Etheria hujenga kwa aragonaiti, chokaa ya kemia ileile lakini yenye mpangilio tofauti wa chembe, na uso wake wa ndani hung'aa kwa utando wa lulu ambao mara nyingi una malengelenge na vyumba vidogo vidogo vilivyoachwa wazi. Tahadhari moja inahitajika hapa, kwa kuwa chaza wa lulu wa baharini naye ana utando unaong'aa. Basi mng'ao peke yake hauthibitishi kwamba kombe ni la maji baridi, na ni lazima usomwe pamoja na makovu ya misuli. Aragonaiti, zaidi ya hayo, ni dhaifu mbele ya wakati: maji yanayopenya ardhini huiyeyusha au huigeuza kuwa kalisaiti, utando wa lulu hupotea, na kombe la kale huonekana limekufa rangi. Katika maabara, uchunguzi wa mnururisho wa eksirei katika unga kidogo wa kombe huonyesha ni madini yapi yaliyobaki. Iwapo aragonaiti ipo bado, hiyo ni dalili kwamba kombe halijabadilishwa sana na maji ya ardhini, jambo ambalo huwa na uzito mkubwa pale umri unapotafutwa.

Kosa la kuona bahari mahali pasipo na bahari lina historia yenye heshima zake. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858, na miongoni mwa vitu ambavyo Speke alirudi navyo Uingereza, baada ya kuwa ameliona pia Ziwa Victoria kutoka Mwanza mwezi Agosti mwaka huohuo, vilikuwamo makombe aliyoyaokota Tanganyika. Samuel Woodward aliyaeleza kitaalamu mwaka 1859. Konokono mmoja kati yao alikuwa na gamba nene lenye vinundu na mistari, lisilofanana hata kidogo na magamba mepesi ya konokono wa mitoni waliozoeleka Ulaya, na Woodward alimwita nassa, jina la konokono wa baharini. Makusanyo yaliyofuata katika miaka ya 1870 na 1880 yaliongeza maajabu: magamba yenye miiba, yenye umbo la pia, yenye mdomo uliotunishwa, yote kutoka ziwa la maji baridi lililo mbali na pwani. Kisha akapatikana kiwavi wa maji, yaani mnyama wa ute afananaye na yule anayewawasha waogeleaji wa baharini, na wengi wakaona kwamba kesi imekwisha.

Aliyeijenga hoja hiyo hadi kileleni ni J. E. S. Moore, mwanazuolojia Mwingereza aliyelitembelea eneo hilo mwaka 1896 na tena kuanzia 1899, na ambaye mwaka 1903 alichapa kitabu kizima kuhusu kile alichokiita tatizo la Tanganyika. Alilinganisha magamba ya konokono wa ziwa hilo na visukuku vya bahari vya zama za Jurasiki vilivyokuwa vimechimbwa Uingereza, akaona yanafanana jozi kwa jozi, akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa ndani ya bara, na kwamba wakazi wake ni wajukuu wa viumbe wa bahari hiyo waliozoea taratibu maji yaliyopoteza chumvi. Moore hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifanya kile ambacho mtu mwangalifu hufanya, akalinganisha pia maziwa mengine, na kwa kuwa hakuyakuta humo magamba ya namna hiyo aliamini kwamba Tanganyika lilikuwa na asili yake peke yake. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa: aliuliza umbo linafanana na nini, hakuyauliza vya kutosha mawe yanayolizunguka ziwa iwapo yaliwahi kukaliwa na bahari.

Mawe yalipoulizwa yalikataa. Hakuna mashapo ya bahari ya zama za Jurasiki katika bonde la Tanganyika, na ziwa lenyewe ni mtoto wa Bonde la Ufa, na sehemu yake ya zamani zaidi hukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali zama za Jurasiki zilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. William Cunnington, aliyeongoza msafara wa tatu mwaka 1904 na 1905, aliupinga mfumo mzima wa Moore, na yule kiwavi wa ute aliyetegemewa kuwa shahidi mkuu akaonekana Ziwa Victoria pia, ambalo hakuna aliyedai kwamba lilikuwa bahari. Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba konokono wa Tanganyika walitokana na konokono wa mitoni, na kwamba unene na miiba ya magamba yao vimekuzwa na vita vya muda mrefu kati yao na kaa wa ziwa hilo wenye magando ya kuvunjia. Kelly West na Andrew Cohen, pamoja na wenzao, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba magamba hayo huvunjika kwa shida zaidi kuliko ya konokono wa maziwa mengine, na kwamba kaa wa Tanganyika nao wana magando makubwa kuliko kaa wengine wa maji baridi. Baharini vita ni vilevile, ndiyo maana silaha zinafanana.

Tanzania inazo sehemu ambazo bahari iliziacha kweli, nazo zinaonyesha ushahidi wa bahari unavyopaswa kuwa. Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, ambako makumbusho ya Berlin yalichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, tabaka zenye mifupa hiyo zimetenganishwa na tabaka za mchanga wa pwani zilizojaa makombe ya Trigonia na wanyama wengine wa baharini. Huko hakuna haja ya kubishana juu ya kombe moja lenye sura ya ajabu, kwa kuwa bahari haiachi kombe moja: huacha jamii nzima, ikiwa pamoja na matumbawe na viumbe wasioweza kuvumilia maji baridi hata siku chache. Hakuna tabaka la namna hiyo linalojulikana juu ya kratoni inayoibeba Mwanza.

Swali la mashapo linapoulizwa kwa upande wa Mwanza yenyewe, jibu hutegemea mwelekeo wa maji kuliko umbali. Kusini, katika bonde la Manonga kati ya Shinyanga na Igunga, yapo mashapo ya ziwa la kale lililokwisha kutoweka, yenye umri wa miaka milioni nne hadi tano na ushei, ambako Terry Harrison na wenzake walifanya uchunguzi mkubwa katika miaka ya 1990 na kupata mifupa ya viboko, tembo wa kale na nguruwe wakubwa pamoja na makombe ya maji baridi. Kwenye ramani bonde hilo liko jirani na Mwanza, na mtu angeweza kuliona kuwa chimbuko la kila kisukuku kinachookotwa Usukumani. Manonga, hata hivyo, humwaga maji yake Wembere, na Wembere huelekea Ziwa Eyasi kupitia Kitangiri. Hakuna mafuriko yanayoweza kulivusha kombe kutoka huko hadi mto Mirongo unaokatiza mjini Mwanza. Mto Simiyu ni habari nyingine, kwani huingia Ghuba ya Speke baada ya kupita katika nchi pana ya mbuga, na mashapo unayoyachimba kingoni mwake yanaweza kuwa ya nyakati mbalimbali.

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria ndiko kwenye makombe ya kale yaliyochunguzwa kwa kina zaidi. Felix Oswald alichimba Karungu mwaka 1911 na 1912 kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza, akifuata habari za mifupa ya Deinotherium, mnyama wa jamii ya tembo mwenye pembe zilizopinda kwenda chini, na makombe aliyoyapata yalipewa R. Bullen Newton ayatambue. Matokeo ya Newton, yaliyochapwa 1914, yalikuwa na jambo la kutatanisha: magamba mengi ya konokono wa maji yalifanana mno na ya spishi zinazoishi leo, ilhali mifupa iliyolala pamoja nayo ilikuwa ya wanyama waliotoweka tangu zama za Mayosini, yapata miaka milioni 17 au zaidi iliyopita. Maana yake ni kwamba konokono wa maji baridi wanaweza kuishi mamilioni ya miaka bila kubadilisha sura zao kwa kiasi cha kuonekana, na kwamba mtu anayekadiria umri kwa kusema gamba hili ni kama la sasa, basi si la kale, hukosea kwa urahisi uleule aliokosea nao Moore kwa kusema gamba hili ni kama la kale, basi ni la bahari.

Kisiwani Rusinga, upande huohuo wa ziwa, ambako Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu maarufu la Proconsul, nyani mkubwa wa zama za Mayosini, majivu ya volkeno ya Kisingiri yenye kalisi nyingi yalihifadhi hata mbegu, wadudu na konokono wa nchi kavu. Aliyewachambua konokono hao, katika andiko lake la mwaka 1963, alikuwa Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, na huenda kazi yake ya siku zote ndiyo iliyomfaa: kwa kuwa aliijua misitu ya Kenya na Tanzania kwa miguu yake, alijua ni konokono gani huishi chini ya majani makavu ya msitu wenye unyevu na ni yupi hustahimili nyika. Alipokuta katika majivu ya Rusinga magamba ya Maizania, konokono mwenye kifuniko mlangoni ambaye ndugu zake wa leo ni wakazi wa misitu, aliweza kusema habari za mvua na miti ya wakati huo bila kuwa na jani hata moja mkononi. Konokono wa nchi kavu, kwa sababu hawasafiri, ni mashahidi bora wa mahali walipo kuliko mifupa ya wanyama wenye miguu.

Vitu vingi vinavyookotwa vijitoni Mwanza, hata hivyo, si visukuku. Udongo mweusi wa mbuga hutengeneza ndani yake vinundu vya chokaa, vya duara au vyenye matawi, ambavyo havikuwahi kuwa na uhai lakini huonekana kana kwamba vimefinyangwa. Magamba ya konokono wakubwa wa nchi kavu kama Achatina na Limicolaria hupauka juani ndani ya misimu michache, yakawa meupe na mepesi, nao weupe huo hudhaniwa kuwa ni ukale. Makombe ya ziwani husagwa kwa chakula cha kuku, na mfuko ukipasuka njiani shehena yake huishia mtaroni. Wapo pia watu wa zamani: jamii za wawindaji na wavuvi zilizotumia vyungu vya aina ya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kimoja katika mto Kagera, ziliacha kwenye kingo za Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa, majalala ya makombe waliyokula yaliyo manene kiasi cha kuchimbwa na wanaakiolojia, na vigae vya aina hiyo vilipatikana pia katika uchunguzi wa Mkoa wa Mwanza uliochapwa mwaka 1969. Rundo la makombe ya aina moja au mbili, ya ukubwa unaolingana, yenye majivu na vigae kati yake, ni mabaki ya mlo, na kijito kinapolikata hulitawanya kombe moja moja hadi ushahidi wa mlo unapotea.

Kwa konokono wa maji, utambuzi una hatua zake nyepesi. Gamba hushikwa ncha ikiwa juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji: mdomo ukiwa kulia, kama ulivyo kwa Bellamya na Pila, mzunguko ni wa kulia, ukiwa kushoto, gamba ni la Bulinus au la Lanistes, na hao wawili hutenganishwa kwa ukubwa, kwani Bulinus ni mdogo na mwembamba ilhali Lanistes ni mnene na aliye hai ana kifuniko. Biomphalaria yeye amejikunja bapa. Katika mkoa ambao kichocho kimechunguzwa kwa miaka mingi na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kutambua Bulinus na Biomphalaria si anasa ya wakusanyaji, kwa kuwa hao ndio wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo, na gamba lao katika tabaka la kale huonyesha pia kwamba hapo palikuwa na maji yaliyotulia yenye majani.

Chaza wa maji baridi akishatambuliwa, linabaki suala la umri, na hapo historia ya ziwa ndiyo inayotawala. Ziwa Victoria hukadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi, lakini sampuli za matope zilizotolewa chini yake, ambazo Thomas Johnson na wenzake walizitolea taarifa mwaka 1996, zilionyesha kwamba mwishoni mwa zama za barafu, kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, ziwa lilikauka kabisa au karibu kabisa, na nyasi zikaota mahali ambapo leo wavuvi hutega nyavu. Kwa nyakati nyingine ziwa lilisimama juu kuliko sasa, likachonga fukwe ambazo mabaki yake yameonekana pande mbalimbali za mwambao katika kimo cha takribani mita 3, 12 na 18 juu ya maji ya leo. Etheria aliyekutwa amegandamana na itale katika korongo lililo juu ya ufuko wa sasa ama aliishi wakati wa mojawapo ya fukwe hizo, ama aliishi kijitoni wakati kijito kilikuwa na maji ya kasi mwaka mzima, ama ni wa ziwa lililotangulia ukame ule mkuu.

Kaboni ya mionzi hupima umri wa kombe hadi miaka 50,000 hivi, ingawa mnyama anayejenga kwa chokaa iliyoyeyuka kutoka mawe ya kale huonekana mzee kuliko alivyo. Juu ya itale hatari hiyo hupungua, japo vinundu vya mbuga havina budi kuhesabiwa. Zaidi ya mpaka huo imejaribiwa njia ya urani na thori, na jaribio linalojulikana kuliko yote lilifanywa kwa makombe ya Etheria huyuhuyu. Katika mashapo ya Kibish, bonde la Omo kusini mwa Ethiopia, timu iliyoongozwa na Richard Leakey ilipata mwaka 1967 mafuvu ya watu wa aina ya kisasa, na makombe ya Etheria yaliyokuwa katika tabaka hizo yalitoa umri wa miaka 130,000, ambao ulikaa vitabuni kwa zaidi ya miongo mitatu huku wengi wakiutilia shaka, kwa sababu kombe lililozikwa huendelea kunyonya urani kutoka kwenye maji ya ardhini na hivyo saa yake haiendi sawasawa. Majivu ya volkeno yaliyo katika mashapo hayo yalipopimwa, umri ulipanda hadi miaka 195,000 mwaka 2005, na mwaka 2022 ukawekwa kuwa si chini ya takribani 233,000.

Mwanza haina majivu ya namna hiyo kati ya itale na udongo wake, hivyo kombe hupata umri wake kutokana na kimo na tabaka. Kombe lililong'olewa na kuletwa mezani limekwisha kupoteza nusu ya habari zake, ilhali lililoachwa juu ya jiwe lake, makombe yote mawili yakiwa bado yamefungana, kimo chake kikapimwa kutoka usawa wa ziwa, udongo unaolifunika ukaelezwa na kupigwa picha, na taarifa ikapelekwa kwa wanaohusika na mambo ya kale, ambao sheria ya mwaka 1964 imewapa dhamana ya mabaki ya aina hii, linaweza kulinganishwa na fukwe zile za mita 3, 12 na 18, na ikajulikana ni ziwa lipi lililolilea.